Bahari Haina Mwenyewe?



Wapendwa waamini, nanyi viongozi wa walei mnaobeba mzigo wa Jumuiya Ndogo Ndogo hapa kisiwani Pemba, ninaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mmekwisha kuniambia kwamba halituhusu. Mmeniambia kwa upole kwamba habari za watalii ni za Serikali na wenye hoteli, na habari za mwani ni za wanawake wa Kengeja, ambao si waamini wetu. Nimewasikiliza. Sasa naomba mnisikilize na mimi.

Mawakala wa safari hutoa matangazo yenye picha za kupendeza, wakimwalika mgeni kutoka Ulaya au Marekani aje kisiwani kwetu kwa siku saba au kumi, atembezwe misituni, majini na visiwani. Atapelekwa katika Msitu wa Ngezi, kaskazini, ukishapita Konde, akaone mpapindi, mti wa jamii ya mitende ambao duniani kote huota porini hapa Pemba tu, na usiku asikie sauti ya bundi wetu, ambaye naye hapatikani kwingine. Atapelekwa Kidike kutazama popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kama matunda. Atapelekwa Misali, avae miwani ya kuogelea, aangalie samaki kwenye matumbawe. Mwisho ataletwa kusini, Kengeja, apewe kayaki, yaani kile kimtumbwi chembamba cha plastiki cha mtu mmoja au wawili, apige kasia katikati ya mikoko hadi upande wa kisiwa cha Kiweni. Matangazo hayo huyaita maji yale ya mikokoni mto. Mkengeja akisikia atacheka, maana yeye anajua kwamba lile ni hori la bahari, linalojaa na kukupwa mara mbili kwa siku, na kwamba asiyejua saa zake ataachwa juu ya tope.

Sina ugomvi na uzuri huo. Mungu aliumba popo wa Pemba na akaona ni vema, na ikiwa mtu amesafiri maili elfu tano ili amtazame, nami nitafurahi pamoja naye. Ugomvi wangu ni na neno moja ambalo matangazo hayo hayakosi kulitumia: kwamba kisiwa hiki hakijaguswa. Pemba haijaguswa! Kisiwa kilichofyekwa na kupandwa mikarafuu tangu enzi za Sayyid Said. Kisiwa ambacho kimbunga cha 1872, kilichoangusha mashamba ya Unguja, kilikipitia kando, kikawa tangu hapo ndicho mama wa karafuu za Zanzibar. Kisiwa ambacho kila bonde lina mpunga na kila pwani ina ngarawa. Neno hilo halisemi kweli juu ya Pemba. Linasema tu kwamba mwenye kuliandika alipotazama hakuona watu. Na mtu akishaandikwa kwamba hayupo, haombwi ruhusa.

Acheni nieleze kilichotokea, ili tusibishane juu ya maneno matupu.

Kijana mmoja wa parokia, mzaliwa wa Bara, amepata kazi ya kuongoza watalii katika kampuni ambayo sitaitaja. Alinijia sebuleni, si katika kitubio, na amenipa ruhusa niandike ilimradi nisimtaje jina. Siku hiyo alipewa wageni wanane na kayaki zake. Ratiba ilikuwa imetengenezwa ofisini, na aliyeitengeneza alitazama saa ya kifungua kinywa cha wageni na saa ya ndege yao ya kesho yake. Hakutazama mwezi. Wakaingia majini saa mbili asubuhi, siku ya bamvua.

Ninyi mliotoka Tabora, Iringa au Kagera, kama mimi nisiyezaliwa pwani, huenda hamjui maana yake. Bamvua ni siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu, ambapo maji hujaa mno na kukupwa mno. Katika bahari yetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo mtu anayeingia horini saa mbili asubuhi ya bamvua anayafuata maji yanayokimbia. Mtoto yeyote wa Kengeja angewaambia wasubiri alasiri. Hakuna aliyemwuliza mtoto yeyote wa Kengeja.

Kufikia saa nne walikuwa wamekwama. Kijana wetu akafanya aliloliona jema: akawaambia wageni washuke, wazikokote kayaki juu ya mchanga kuelekea ufukweni. Na pale palipoonekana kama mchanga mtupu wenye majani palikuwa shamba la mwani. Kayaki nane na watu tisa wakapita katikati yake, vigingi vikang'oka, kamba zikakatika, mwani ukasambaa. Wanawake waliokuwa wameinama shambani mwao, kwa kuwa saa hiyo ndiyo saa yao ya kazi, wakasimama wakapiga kelele na kuinua mikono. Wageni wakadhani wanasalimiwa. Wakapunga mikono nao. Mmoja wao akapiga picha.

Nilikwenda Kengeja pamoja na kijana huyo, siku kadhaa baadaye. Tulimkuta bibi mmoja ameanika mwani wake barazani, juu ya majani ya mnazi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatupa mkeka. Kijana akaomba radhi, kwa maneno machache na macho chini. Bibi akamtazama, akasema, "Wewe mwanangu sikulaumu. Hukuzaliwa na maji." Kisha akanigeukia mimi. "Na wale wageni pia siwalaumu, Padri. Mgeni hajui njia. Aliyewaleta ndiye ninayemngoja, na yeye hajaja."

Akaniambia hasara yake bila kuipamba. Kamba kumi na nane zilikatika, na zilikuwa zimebaki siku kumi tu zivunwe. Mwani hukaa majini kama wiki sita tangu kufungwa hadi kuvunwa. Maana yake ni bamvua nne: moja ya kupanda, mbili za kupalilia na kufunga upya vilivyolegea, moja ya kuvuna. Aliyekatiwa kamba katika bamvua ya tatu amepoteza mwezi mzima wa mgongo wake, naye hana wa kumdai. Na kilimo chenyewe kimekuwa kigumu. Kilipoanza Unguja mwaka 1989 na kuenea huku, wengi walipanda ule mwani mnene wenye bei nzuri. Tangu maji ya bahari yalipozidi kupata joto ule mnene unaoza, na wengi wamebaki na mwembamba, ambao bei yake ni ndogo. Hata hivyo mwani, baada ya utalii na karafuu, ni miongoni mwa vitu vinavyoiletea Zanzibar fedha za kigeni, na mikono inayouzalisha ni mikono ya wanawake kwa sehemu kubwa sana. Bibi yule amesomesha watoto wanne kwa mwani.

Kijana wetu alipolipeleka jambo hili ofisini kwake, alijibiwa kwa sentensi ambayo nimeifanya kichwa cha maandishi haya, ila wao hawakuweka alama ya kuuliza: bahari haina mwenyewe.

Tuitazame sentensi hiyo, kwa sababu ina hila. Kisheria ina sehemu ya kweli. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na sheria ya ardhi ya 1992 imethibitisha hivyo. Lakini hata katika ardhi isiyouzwa, Mzanzibari amezoea kuwa na kilicho chake: mti. Mwenye mikarafuu akitakiwa apishe barabara, mikarafuu yake huhesabiwa mmoja mmoja, na minazi vivyo hivyo. Mwanamke wa mwani hana mti. Shamba lake ni vigingi na kamba katika mahali ambapo mara mbili kwa siku pamefunikwa na maji. Hana hati, hana ua, hana jiwe la mpaka. Hata hivyo waulize Wakengeja. Watakuonyesha kamba ya nani inaanzia wapi, nani alirithi sehemu ya mama yake, nani amemwachia jirani kwa kuwa anaumwa. Hapajaandikwa, lakini panajulikana. Je, haki ianze pale tu karani alipofika na kalamu?

Na lililo la mwani ndilo lililo la bahari nzima na la msitu. Wavuvi wetu wana dago, yaani makambi wanayohamia kwa siku au majuma kufuata samaki, na kila dago lina watu wake na desturi zake. Watalii hupita wakapiga picha za vibanda vitupu, wakaambiwa kwamba vimeachwa. Havijaachwa. Wenyewe wako baharini.

Kisiwa cha Misali kinatufundisha zaidi. Wazee wa Pemba wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, naye akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakuwa msala wake. Ndipo kikaitwa hivyo. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikabidhi kisiwa hicho kwa mwekezaji ajenge hoteli ya kifahari, na wavuvi wasikanyage tena. Wavuvi walikataa. Walipata watetezi, mpango ukaachwa, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wenyewe wana sauti ndani yake: sehemu moja haivuliwi kabisa ili samaki wazaliane, na sehemu iliyobaki huvuliwa kwa zana zisizoharibu. Mashekhe nao walishirikishwa, wakafundisha kwa dini yao kwamba kuua matumbawe kwa baruti ni kufisidi alichokiumba Mungu, na wapo wavuvi waliowasikiliza wao baada ya kuzipuuza amri za ofisi. Nawauliza viongozi wa walei: katika miaka yote hiyo sisi tulisema nini? Sijapata kuona hata barua moja.

Wala neno halijaisha. Mwishoni mwa 2021 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kwamba imevikodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji wa utalii. Naelewa kwamba nchi inahitaji fedha, na sisemi kila mkataba ni wizi. Nasema kwamba mvuvi ana haki ya kujua kabla, kwa lugha yake, ni wapi atakatazwa kutia nanga na kwa miaka mingapi. Wala asije akajulishwa na mlinzi aliyesimama ufukweni na rungu. Mlinzi huyo, ndugu zangu, mara nyingi ni mmoja wetu.

Hapa ndipo panapouma, nami sitapita kando. Wakatoliki wa Pemba ni wachache, na wengi wetu asili yetu ni Bara. Tulikuja na utumishi, na kazi za ulinzi na ujenzi, na sasa wengi mnakuja na hoteli: wapishi, wahudumu, madereva, waongoza watalii. Mwenye hoteli anawapenda kwa sababu mnajua Kiingereza kidogo, mnakubali kuhudumia vinywaji ambavyo kijana wa Kiislamu anaviona haramu, na hamna shamba la karibu la kukimbilia msimu wa karafuu ukifika. Hiyo ni riziki halali, na mimi mwenyewe nimewaandikia baadhi yenu barua za kuwatambulisha. Lakini tusijifanye hatujui jinsi inavyoonekana kutoka barazani Kengeja. Mgeni mweupe anapita shambani, anaongozwa na mgeni wa Bara, fedha zinabaki kwa mgeni wa mjini, na mwenyeji anapungiwa mkono. Kisha tunashangaa tukinuniwa sokoni, na tunasema wenzetu wana chuki ya dini! Chuki zipo, sikatai. Lakini si kila kununa ni chuki ya dini. Wakati mwingine mtu ananuna kwa sababu umemkanyagia kamba.

Nami nisijitoe. Mwaka mmoja nilipokea wageni wa Kanisa kutoka Ulaya, watu wema waliotusaidia sana, nikawapeleka Misali kwa siku moja. Tulikula wali na samaki ufukweni. Kulikuwa na wavuvi wanaanika nyavu mahali pale tulipotaka kukaa, na mwenyeji wetu akawaomba wasogee. Wakasogea bila neno. Sikuuliza lolote. Nilikuwa nimevaa kofia ya jua na nilikuwa na njaa. Kijana wetu wa Kengeja angalau alikuja kusema. Mimi nimekaa na jambo hilo miaka mingi bila kumwambia mtu.

Yatakuja majibu matatu, nami nimekwisha kuyasikia yote.

La kwanza husema: utalii huu wa misitu na visiwa ndio mpole kuliko wote, hauleti maghorofa wala muziki wa usiku. Ni kweli kwamba mtu mwenye kasia haharibu kama mwenye tingatinga. Lakini upole wa mgeni si haki ya mwenyeji. Wenzetu wa Uganda wamelijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1991 msitu wa Bwindi ulifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya sokwe wa milimani, na Wabatwa, walioishi kwa msitu ule tangu mababu, wakatolewa bila ardhi ya kwenda. Sokwe wamelindwa, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Mgeni hulipa mamia ya dola kwa saa moja ya kuwatazama. Na Mbatwa? Yuko pembezoni mwa mashamba ya wengine, na siku nyingine huitwa awaonyeshe watalii, kwa ujira mdogo, jinsi babu yake alivyowasha moto na kupanda mti kufuata asali. Anaigiza maisha aliyonyang'anywa. Utalii ule nao unaitwa rafiki wa mazingira.

La pili husema: bila watalii misitu na matumbawe vingekwisha. Inawezekana. Basi na tuwafuate waliofanya vizuri, kwa kuwa hawako mbali. Kule Jozani, Unguja, kima punju walikuwa wakila mazao ya wakulima, na kila aliyewasifu kima alikuwa mtu asiyelima. Wakulima wakaungana, wakadai, na sehemu ya kiingilio cha watalii ikaanza kuwarudia wao na vijiji vyao. Hapa kwetu, Kidike, wanakijiji wenyewe wanalinda popo kwenye ardhi yao, na mgeni hulipa kwao. Popo huyo alikuwa karibu kutoweka kwa kuliwa. Leo ni wengi, kwa sababu waliokuwa wakimwinda wamepata sababu ya kumlinda. Sisemi mambo ya Jozani na Kidike hayana manung'uniko. Palipo na fedha manung'uniko hayakosi. Nasema pale mgeni anajua anaingia kwa nani.

La tatu ndilo linalonikera, na lilitolewa na mzee wa Kanisa ninayemheshimu: kampuni ile ilikwisha kutoa msaada. Ni kweli. Baada ya jambo kuvuma, kampuni ilipeleka katoni mbili za madaftari shuleni, na picha ikapigwa. Watoto walifurahi, nami sichukii mtoto apate daftari. Lakini hebu tufikiri pamoja. Mtu ameng'oa kamba za bibi, kisha amempa daftari mjukuu wa jirani. Deni limelipwa wapi? Papa Paulo VI, katika waraka wake wa 1967 juu ya maendeleo ya watu, alikumbusha fundisho la Mtakatifu Ambrosi kwamba tajiri anapompa maskini mara nyingi anamrudishia tu kilicho chake. Hapa hata hicho hakikurudishwa. Msaada unatolewa kwa atakayechaguliwa na mtoaji, kwa kiasi anachotaka, siku anayotaka, na anayepokea hushukuru. Haki hudaiwa na mwenye kudai, kwa kiasi cha hasara, na anayelipa ndiye anayeomba radhi. Kampuni ilichagua njia iliyo rahisi kupigiwa picha.

Mnaikumbuka habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Tumezoea kumhubiri Ahabu kama mnyang'anyi, na kweli mwisho wake ulikuwa damu. Lakini someni tena mwanzo wa habari hiyo. Mfalme alikwenda mwenyewe kwa Nabothi, akamwomba shamba, akamtajia malipo: shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi akakataa, na mfalme akarudi nyumbani akalala bila kula. Ubaya wote ulikuja baadaye. Ndugu zangu, hata Ahabu aliuliza! Sisi tuna makampuni yasiyofika hata hatua ya kwanza ya Ahabu.

Na Wakengeja si watu wasiojua kupokea wageni. Mji wao una sifa ya mchezo wa ng'ombe, ambao husemwa kuwa ni mabaki ya zama za Wareno. Mgeni anayekwenda kuutazama huonyeshwa mahali pa kusimama, na huambiwa lini akimbie. Hathubutu kuingia uwanjani apendavyo, kwa sababu ng'ombe ana pembe. Mwani hauna pembe.

Kwa hiyo ninaomba mambo yanayowezekana, tena madogo. Kampuni inayotaka kupitisha wageni Kengeja na iende kwanza kwa Sheha, ikae naye pamoja na kamati ya wavuvi na wanawake wenye mashamba, wakubaliane njia gani ya maji itumike na siku zipi isitumike kabisa. Kila mgeni alipiwe kiasi kinachojulikana, kiandikwe katika daftari ambalo mtu yeyote wa shehia anaweza kulifungua. Awepo mwongozaji wa pili mzaliwa wa pale, mwanamume au mwanamke, anayelipwa mshahara wala si bakshishi, maana elimu ya maji ni elimu, na mwenye nayo ni mtaalamu hata kama hakuvaa fulana yenye jina la kampuni. Na kamba kumi na nane zilipwe, kwa hesabu ya mavuno, kwa mkono wa aliyezikata.

Kwenu mnaofanya kazi katika safari hizi, siwaombi mwache kazi. Mna watoto. Nawaomba msikubali tena kuingia katika pwani ya watu kwa ratiba msiyojua imetengenezwaje, na mkiambiwa mpite, mwulize nani amekubali. Mkifukuzwa kwa swali hilo, njoni kwangu, na Tume hii itasimama nanyi. Nimelizungumza na wenzangu nao wameahidi. Kwenu viongozi wa jumuiya, ulizeni katika mikutano yenu nani kati yetu anafanya kazi wapi na anaona nini. Waraka wa hayati Papa Fransisko wa 2015 juu ya utunzaji wa dunia umesomwa katika jumuiya nyingi kwa habari ya miti na takataka, na umesema wazi kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Tumeipanda miti. Sehemu ya pili bado.

Kijana wetu hajafukuzwa mpaka ninapoandika. Amenunua kalenda yenye mwezi, ameibandika ukutani ofisini kwao juu ya meza ya yule anayetengeneza ratiba, na kila bamvua ameizungushia wino mwekundu. Hajaambiwa aibandue.

Kikao kwa Sheha kimepangwa mara baada ya bamvua ijayo, kwa kuwa siku za bamvua wanawake hawana nafasi. Kampuni imealikwa kwa barua na haijajibu. Wanawake wameomba wawepo pia watu wa upande wetu, wasikie kwa masikio yao. Anayetaka kwenda anipe jina lake baada ya Misa ya Jumapili. Gari ni moja, tutabanana.